Namba ya Kwenye Bati

Fundi Chilumba alinichorea bango
kwa rangi ya kijani iliyobaki msikitini,
juu ya bati lenye kutu:
TUNAPOGOA, TUNAKATA, TUNANG'OA VISIKI.
Chini akaweka namba, na saba yangu ya mwisho
akaivua kofia. Ikawa moja.
Nikalipigilia kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, Chikongola,
nikakaa wiki tatu
nikinoa msumeno usiokata kitu.

Nikazunguka. Ndiyo kazi yenyewe kabla ya kazi:
Ligula, Shangani, Magomeni, shingo juu
kama mtu aliyepotewa na njiwa,
nahesabu matawi yaliyolalia waya,
mikungu inayosukuma ukuta kwa kiwiko.
Hodi. "Mama, huu mvinje wako una ufa."
"Ufa huo baba aliuona, na hakufa kwa mvinje."
Mwingine: "Kata, utachukua kuni,"
kana kwamba kwangu tunatafuna kuni.
Mwingine, kwa upole: "Pita tukishauza korosho."
Korosho zenyewe mwezi ule
zilikuwa bado maua.

Jumanne moja bodaboda akanifungia breki miguuni.
"We ndo mkata miti? Shangazi anakutafuta. Kakasirika."
Akanipa simu, ya moto bado toka mfukoni.

"Mimi Somoe Nampembe, niko Kitangari, Newala.
Wiki tatu sasa nasumbuliwa na miti ya watu wa Mtwara.
Mikorosho yangu arobaini na miwili imenishinda,
na leo najua mpaka mwarobaini wa mwalimu Bakiri
umeingiza mzizi chooni.
Una kalamu?"

Nilikuwa na mkaa.
Niliandika kwenye gogo: majina tisa.

Bango sikulirekebisha.
Chilumba alikuja na kopo lake, tayari kuivika saba kofia;
nikampa chai, nikamwambia aache.

Somoe ndiye anayepokea.
Ananipigia kabla Mkwepu hajamaliza kukunja kamba:
"Yupo mmoja wa Rahaleo, anaongea taratibu mno,
huyo chukua nusu kwanza.
Mjane wa Mikindani usimtajie bei,
atatoa mwenyewe, na itazidi.
Yule wa Shangani ana mbwa. Hakusema.
Nimemsikia nyuma."

Mimi juu, kamba kiunoni, maji moto wakinila shingo.
Tawi hulia kabla ya kuachia,
mlio mmoja mfupi, ukishaujua huusahau,
kama mlango wa mtu anayeondoka bila kuaga.
Chini Mkwepu anazuia watoto,
maana mtoto hukimbilia kinachoanguka.
Jioni natuma fungu la Kitangari.
Hashukuru, halalamiki. Anajibu:
"Imefika. Kesho miwili."

Mwezi wa pili, mavuno yakiwa yamekwisha,
nikaupandisha msumeno uwandani ndani ya gunia.
Somoe ni mdogo kuliko sauti yake.
Nikamwambia, dada, nimekuja kuipogoa yote,
bure.
Akanitazama ninavyotazama kisiki.
"Bure ni kama ile ya kuni," akasema. "Taja bei."
Nikataja.
Akacheka hadi kuku wakatawanyika, akaikata nusu.
Nikapandisha. Akashusha. Nikataja siafu,
akataja vocha alizotumia kwa ajili yangu, moja moja,
na tarehe zake.
Jua likaingia chini ya majani tukiwa bado elfu nne.

Simu yake ikalia. Nikaisikia kutoka pale nilipo,
sauti ya mtu wa mjini, na mti ulioegemea paa.
Akaziba simu kwa kiganja:
"Nimwambie uko wapi?"

Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye panda
ya mkorosho wa kwanza.
"Mwambie fundi yuko kwa mteja.
Mkali."